Mama Pyo na Krimu Iliyolala Sakafuni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Pyo Mal-sun, mfamasia wa mji wetu wa Jecheon hapa Korea, aliyefariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Moyo wake ulichoka. Waliomjua wanasema haukuwa moyo peke yake.

Mama Pyo alitaka kitu kimoja. Narudia: kitu kimoja. Alitaka boksi la krimu ya chunusi lichapishwe maneno haya: "Weka mbali na joto."

Krimu hiyo ina benzoili peroksidi. Ni dawa inayosaidia, na yeye mwenyewe aliiuza kwa miaka mingi. Lakini ikikaa kwenye joto huvunjika na kutoa benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani ya damu. Ikikaa mahali pa baridi, huvunjika polepole zaidi.

Baridi ya Jecheon mnaijua, na sakafu zetu zinazopashwa moto kutoka chini pia. Miaka kumi na moja iliyopita, Mama Pyo alimtembelea jirani yake, Mama Ga-ram. Akaketi kwenye ile pembe ya sakafu yenye moto kuliko zote, akaingiza miguu chini ya blanketi, mahali ambapo zamani bakuli la wali la baba lilifunikwa lisipoe. Kidole cha mguu kikagusa tyubu. Ilikuwa ya moto kama yai lililochemshwa.

"Mama Ga-ram, hii nini?"

"Krimu ya mtoto. Ikipoa inakuwa ngumu, anajikwaruza uso. Nampashia."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba, miezi minne sasa. Mbona umetoa macho hivyo? Boksi limesema iwekwe pakavu. Haya, nitajie mahali pakavu kuliko sakafu yangu!"

Jirani yake alikuwa ametii boksi, tena kwa upendo. Mama Pyo akauliza nyumba nyingine, na nyingine. Akina mama walipasha krimu vivyo hivyo.

Akaiandikia kampuni. Ikajibu: hakuna mteja aliyelalamika. Akaandika tena. Ikajibu: bidhaa imepita vipimo. Vipimo vya siku ilipotoka kiwandani, wasikilizaji, si vya miezi minne chini ya blanketi. Aliandika kila mwaka. Kila mwaka!

Basi akaihamishia krimu ya dukani kwake kwenye friji ya kimchi, ile kabichi yetu iliyochachushwa, na kila boksi akalibandika onyo aliloliandika kwa mkono.

"Shangazi, nitanuka kabichi shuleni!" wasichana walimtania.

"Nuka tu, mwanangu. Kabichi haijamuua mtu."

Mpwa wake, Da-hye, anasema: "Shangazi hakuwa mtu wa hasira. Lakini barua ikija, alikuwa anasugua kaunta mpaka rangi ikabanduka."

Je, kuna aliyeugua? Hatujui. Hatujui kwa sababu hakuna aliyefuatilia. Hilo ndilo lililomkera kupita yote. "Wanasema hakuna madhara," alilalamika. "Si waseme tu kwamba hawajaangalia!"

Siku ya tatu baada ya mazishi, barua ya mwisho ya kampuni iliwasili. Da-hye akaisoma kwa sauti mbele ya picha ya marehemu: "Maoni yako yanafikiriwa."

Kwa Da-hye na ukoo mzima wa Pyo, poleni sana. Nasi tuko nanyi katika majonzi haya.

Kwako msikilizaji, usiitupe krimu yako kwa hofu. Itoe kwenye joto, basi. Kisha tafakari nami: kwa nini mama mmoja aliandika kwa mkono, boksi baada ya boksi, miaka kumi na moja, maneno manne ambayo mashine ingeyachapa kabla hajafungua kalamu?