Fundi Alivyomlilia Aliye Hai

Kijiwe chetu ni benchi moja lililobanwa kati ya mlango wa Fundi cherehani na jiko la Mama Birika, muuza kahawa. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, kwa hiyo anayeinuka bila taarifa huwamwagia wenzake. Hapo hukaa Redio, ambaye hakuna habari asiyoijua, hata zile ambazo hazijatokea. Wakili, aliyepata jina siku alipoitwa mahakamani kuwa shahidi wa kesi ya kuku. Na mimi, ambaye sina jina kwa sababu kazi yangu ni kusikiliza. Fundi mwenyewe huchangia hoja kutoka ndani, mlango wazi, pini mdomoni. Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Fundi alitoka akaketi katikati yetu, akapokea kikombe, asinywe.

— Kunywa, Fundi, haina sumu, — alisema Mama Birika.

— Jana nimemlilia Mkuu.

Tuliangaliana. Mkuu ndiye anayetuongoza sote, na jana hiyohiyo tulimwona kwenye taarifa ya habari akifungua daraja.

— Amekufa? — aliuliza Wakili.

— Hajafa. Hapo ndipo penye shida.

Akatueleza. Vijana wa televisheni walimjia dukani na kamera. Walikuwa wamepata habari kwamba yeye na Mkuu walikalia dawati moja shule ya msingi. Wakamkalisha mbele ya cherehani, wakampaka poda kwenye upara using'ae, wakamwomba amweleze rafiki yake.

— Nikasema, ni mtu mpole. Kijana akanikatiza: "Hapana, mzee, sema *alikuwa* mtu mpole." Nikamuuliza, kwani amefariki? Akasema, "Yu mzima kabisa. Haya ni maandalizi tu. Siku ikifika hatutakuwa na muda wa kukutafuta."

— Ukasema *alikuwa*? — aliuliza Redio.

— Mwanzo ilikataa kutoka. Baadaye ikatoka yenyewe, ikatoka na machozi. Mara pikipiki ikapita na kelele zake, wakaniomba nilie tena.

— Ukalia tena?

— Nikalia. Walisema ya pili ilikuwa nzuri zaidi.

Redio aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue nchi inaingia matatani.

— Dalili ya mvua ni mawingu, jamani. Mkuu keshaondoka siku nyingi. Yule wa darajani ni wa kukodi. Hamkuona alivyokata utepe kwa mkono wa kulia? Mkuu ni wa kushoto.

— Ni wa kulia, — alisema Fundi. — Mimi nilikaa kushoto kwake. Angekuwa wa kushoto tungegongana viwiko darasa zima.

— Si ndiyo hapo! Huyo wa kukodi wamemfundisha vizuri.

— Acha fiksi wewe, — alisema Wakili. — Tatizo hapa ni la kisheria. Kumweka mtu hai kwenye *alikuwa* ni kumuua kwa kauli. Na Fundi ndiye aliyetamka. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapa? — niliuliza.

— Wageni wamekuja na kamera yao, wameondoka. Sasa mwenyeji ataponaje?

Fundi alikunja uso. Nilimkanyaga Wakili mguu, lakini Redio alikuwa amekwisha kupata upepo.

— Pale kituoni kuna kabati, — alisema kwa sauti ya chini. — Vigogo wote wamo, kila mmoja na filamu yake, wamepangwa kama mikate. Kila mara Mkuu akifungua daraja, wanaitoa ya kwake, wanaongeza daraja, wanairudisha. Na yeye mwenyewe huwa anaenda kuiangalia. Safari iliyopita alikasirika, alisema wimbo wa maombolezo hauna huzuni ya kutosha.

— Nani kakwambia?

— Nina watu wangu.

— Haya, na ikishaiva? — alidakia Wakili. — Akiba haiozi, lakini akiba ya picha inachakaa. Watu wametumia nguvu zao, wametumia umeme. Watakaa nayo mpaka lini? Hapo ndipo unaona mhusika anaanza kuletewa chai asiyoiagiza.

— Chai msinihusishe, — alisema Mama Birika. — Mimi nauza kahawa.

Tulicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vyake, vile vyenye alama za sindano.

— Nyie mnafanya mzaha, — alisema. — Mimi tangu jana nashindwa hata kutunga uzi. Mtu hajanikosea lolote, nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Akiugua kesho, nitasema nini?

Mama Birika ndiye aliyeuliza, taratibu:

— Kwani uliwaambia nini mpaka ukalia?

Fundi alikizungusha kikombe mkononi.

— Mama yangu alipofariki, nilikuwa mdogo. Nyumbani watu walijaa, kila mmoja ananishika kichwa, ananiambia nijikaze, mimi ni mwanaume. Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Yeye, mwenzangu wa dawati, akanifuata. Hakusema neno. Aliketi kando yangu, akachuma jani, akawa analichana vipandevipande. Likiisha anachuma jingine. Tukakaa hivyo mpaka jua likazama. Hakuniambia nijikaze.

Mama Birika aliyachochea makaa ya jiko lake.

— Miaka yote hii hukuwahi kutuambia, — alisema Redio, kwa uchungu wa mtu aliyepitwa na habari.

— Mngesema najipendekeza kwa mkubwa. Na kura yangu hajawahi kuipata.

— Hata mara moja?

— Wewe barabara hii unaionaje?

Wakati huo dada mmoja muuguzi alikuwa amesimama mlangoni pa duka, sare yake mkononi, zipu imeng'oka. Alikuja kumsubiri Fundi, akajikuta amesikiliza kila kitu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti.

— Samahani kwa kuingilia. Hayo ya nyuma ya nyumba, mwenyewe amewahi kuyasikia?

— Mwenyewe nani? — aliuliza Wakili.

— Huyo rafiki yake.

— Binti, mkubwa haambiwi mambo kama hayo, — alianza Redio. — Kuna itifaki. Kwanza unapitia...

Hakumaliza. Mimi nilitazama machicha ndani ya kikombe changu. Fundi alimtazama yule dada, kisha akainuka bila kututaarifu, kahawa ikatumwagikia sote, na hakuna aliyelalamika. Akaichukua sare, akaingia ndani. Tukasikia cherehani ikianza kulia.

Kesho yake duka halikufunguliwa. Wala siku iliyofuata. Redio alituhakikishia kwamba Fundi amechukuliwa usiku na gari lisilo na namba. Wakili akaanza kuandaa utetezi. Siku ya tatu Fundi alitokea, koti la heshima limekunjamana kwa kulala kwenye basi, akaketi mahali pake.

— Ulikwenda? — aliuliza Mama Birika, akimmiminia kabla hajaagiza.

— Nilikwenda.

— Ukamwona?

— Niliona geti la ofisi yake. Askari akaniuliza shida yangu ni nini. Nikamwambia sina shida, nimekuja kushukuru. Akanitazama kama mwizi. Akaenda kuuliza ndani, akarudi: "Mzee, dirisha la kushukuru hatuna. Lililopo ni la malalamiko."

— Ukageuza ukarudi, — alisema Redio.

— Nilipanga foleni.

— Ya malalamiko?

— Si ndiyo iliyokuwepo. Nikafika dirishani, kuna binti na kalamu yake. Akaniuliza nalalamikia nini. Nikamwambia, mimi na Mkuu hatujaonana siku nyingi. Akaandika. Akauliza mwenye kosa ni nani.

— Ukasemaje? — tuliuliza kwa pamoja.

Fundi alipuliza kahawa yake, akanywa funda la kwanza.

— Nikamwambia, andika wote wawili.