Mkono Uliojifunza Kuachia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnaniona nimesimama hapa, na mke wangu Mbeyu ameketi pale mbele amempakata mtoto. Hilo peke yake ni ushuhuda, ningeweza kukaa chini sasa hivi. Lakini sikai!

Mimi nilikuwa mtu wa mkono mwepesi. Kule Ramisi tulipokuwa tukikata miwa, nilipigana kwa ajili ya safu ya miwa, kwa ajili ya maji ya kunywa, hata kwa kutazamwa tu. Na aibu yangu naisema: mkono ule ule nilirudi nao nyumbani. Mbeyu alivumilia, kisha siku moja akafunga leso zake akaenda kwa baba yake Kikoneni. Baba mkwe akaniletea neno moja: "Mikono yake ikipata adabu, na aje."

Kwenye kiwanda cha sukari alikuwapo fundi mmoja, Bwana Hamisi, Mdigo wa Msambweni. Alipigana Burma akiwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, na huko afisa mmoja alimfundisha jujitsu, mieleka ya Kijapani. Kila alasiri alitandaza makapi ya miwa nyuma ya kambi, akatufundisha kuangushana mpaka adhana ya magharibi. Mtu mdogo, mwembamba, lakini alituangusha sote! Nami nilikwenda ili nijue kupiga vizuri zaidi, Mungu anisamehe.

Desturi yake ilikuwa hivi: panga unaliacha mbali, na ukibanwa unapiga kofi chini mara mbili, mwenzio akuachie papo hapo. Mimi nikaona huko ni kuwaangukia watu miguuni. Bwana Hamisi alinibana mkono, akangoja. Sikupiga. Akaniachia mwenyewe, akatikisa kichwa. Siku ya tatu nikabanwa na mkata miwa mwenzangu, asiyejua kungoja. Sikupiga. Kiwiko kikalia! Wiki nyingi sikushika panga.

Bwana Hamisi ndiye aliyekuja kunikanda kwa mafuta ya nazi. Akaniambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, bwana wee. Wewe hata kushindana hujaanza. Na asiyejua kusema basi, ataisikiaje basi ya mwenziwe?"

Ndugu zangu, nililia, wala si kwa kiwiko. Nilimkumbuka Mbeyu akisema, "Basi, mume wangu, basi!" nami sikuachia. Pale pale nikamwambia Bwana Mungu, yamenishinda.

Msidhani niliamka mpya kesho yake. Miaka minne! Mwaka wa kwanza nilijifunza kuanguka tu, na makapi yaliniwasha mpaka masikioni. Kupiga kofi chini bila kununa kulinichukua muda zaidi ya huo. Lakini kambini watu wakaanza kuketi karibu nami wakati wa kula.

Ndipo nikaenda Kikoneni. Shemeji yangu Chirima hakungoja salamu, akanikaba shingo uani mbele ya baba yake. Nilijua njia tatu za kuuvunja mkono ule, na mwili ulizitaka zote! Nikashuka magoti, nikapiga kofi mchangani mara mbili. Hakujua maana yake, akazidi kukaba. Nikapiga tena.

Mbeyu alikuwa mlangoni, akaona sirudishi mkono. Akasema, "Mwachie, kaka. Huyo anasema basi."

Nikaachiwa, nikakohoa, nikasema, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, "Marahaba. Mleteeni maji." Haki, sijapata kunywa maji matamu kama yale! Mbeyu hakurudi siku ile. Alitaka kuona kwanza. Alirudi baada ya mavuno ya mahindi, na tangu hapo mkono huu haujamgusa kwa ubaya. Namshukuru Mungu, na Bwana Hamisi namwombea heri kila siku.

Nawe uliyekabwa na hasira leo, usingoje kiwiko kilie. Piga kofi chini, umwambie Bwana yamekushinda. Atakusikia. Na ukifika nyumbani, mtu akikuambia basi, achia.