Baridi ya Jirani Katika Depo ya Nyalukemba

Mgeni rasmi, Papa Adalbert, msimamizi wa misaada ya makao. Wazee wetu, mamans na papas. Mwenzetu Floribert anasoma risala hii, lakini maneno ni yetu sote.

Makaribisho

Karibu chini ya mabati yetu. Kiti ulichokalia tumekiazima, ila hilo joto linalokutoa jasho ni letu wenyewe. Vumilia kidogo, jua likishuka utatafuta koti.

Tulivyofika hapa

Vita vilitutoa Kalehe, tukaingia katika depo hii ya kahawa mwaka 1998. Ilijengwa kwa ajili ya magunia, na gunia halisikii baridi. Sisi mchana tunaiva. Usiku upepo wa ziwa unapita kati ya ukuta na bati, na watoto wanakohoa mpaka asubuhi.

Kazi ya Maman Delphine

Kati yetu yuko Maman Delphine, aliyekuwa akifundisha ujenzi kule kwetu. Ofisi yako ilipomwomba apime kama watu wanakaa vizuri humu ndani, alitundika kipimajoto ukutani, akapita mkeka kwa mkeka: "Unasikia baridi?"

Tukamjibu kwa adabu: "Hapana maman, tuko bien, tuko vizuri." Nani atamlalamikia mtu aliyekuja kumjulia hali? Hata Papa Philémon, meno yakigongana, alisema iko bien. Ripoti ikaenda hivyo, na plafond, dari ya kukinga joto na baridi ya bati, ikapelekwa kwingine. Kosa ni letu, si lake wala lako.

Maman Delphine hakutukasirikia. Alituangalia tunavyosogeza mikeka usiku, kisha akarudi na swali lingine: "Jirani yako, yeye anasikiaka baridi?"

Ee, hapo midomo ilifunguka. "Philémon? Ule muzee anatetemeka sana, mumutafutie blanketi." Philémon naye akamsemea jirani yake Bintu na mutoto wake. Kujiombea tuliona haya. Kumwombea mwenzetu, hapana. Akili hiyo ya Maman Delphine tunaistaajabia mpaka leo. Kwa majibu yale tuliwahamisha wagonjwa kutoka mlangoni, tukaziba mianya kwa magunia, na kikohozi kikapungua.

Magumu na maombi

Lakini bati ni lile lile, na mvua za Septemba zinakaribia. Tunaomba plafond, hata ya mikeka. Mafundi tunao, na Maman Delphine atawasimamia.

Ombi la pili, blanketi moja, yeye alituambia tulifute. Tumekataa. Blanketi yake iko kwa Bintu, na yeye mwenyewe analala mlangoni, pale alipowatoa wagonjwa. Juzi tulimuuliza kama anasikia baridi, akacheka: "Mimi niko bien."

Mgeni rasmi, usimuulize yeye. Tuulize sisi. Anasikia baridi sana, na tunaogopa atatuugulia.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na wako wakukute mzima.

Ni sisi, majirani wa Maman Delphine,
Wakaaji wa Depo ya Nyalukemba, Bukavu, 1999.