Yai, Mshale na Fimbo

Mwatumu alipanda basi pale Oxon Hill, Marekani, akitaka kusinzia, lakini abiria wawili waliokaa mbele yake walikuwa wakizungumza Kiswahili kitamu, na usingizi ukamkimbia.

Akimana, Mrundi aliyejifunza kuchonga mawe Ujerumani, alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi ya kukarabati kanisa. Mzee Respicius, aliyekutana naye humo humo basini, alimwonyesha picha za nakshi kwenye simu ili ajizoeze majina yake kwa Kiingereza.

"Huyu mnyama anayetema mvua ukingoni mwa paa?"

"Kijerumani ni mtema maji. Kiingereza… gargoyle!"

"Safi! Na mkanda huu wa mayai?"

"Wajerumani husema fimbo ya mayai. Waingereza, yai na mshale."

"Kumbe kati ya mayai upo mshale! Waingereza wameona zaidi."

"Hapana, baba. Wajerumani wameona mkanda mzima, ndiyo hiyo fimbo."

"Lakini majina ya nini, binti yangu? Wape kazi ya mikono waione."

"Nikiambiwa nishike kitu kule juu, nikashika kingine, jiwe litamwangukia mtu."

Mzee aliitazama tena picha. "Hapo umenena. Ila mshale ni mshale."

Basi likasimama. Akimana akashuka akicheka, angali anabisha, na Mwatumu, aliyekwisha kupitiliza kituo chake, akajikuta anamwombea dua binti asiyemjua.