Taa ya Duka la Hobbs

Mbele ya duka la kinyozi Tyree, kwenye kona moja ya Baltimore, kuna benchi ambalo kila asubuhi wazee wawili hulikalia na kahawa zao za vikombe vya karatasi. Mmoja anaitwa Jaji, maana aliwahi kuitwa mahakamani pamoja na raia wenzake kuamua kesi ya baiskeli. Mwingine ni Breki, dereva wa basi mstaafu. Ijumaa hiyo walimweka Marvella, binti wa mtaani kwao, katikati, kitabu cha mazoezi mapajani. Kesho yake angefanya mtihani wa kuingia shule ya sheria. Alishaufeli mara mbili, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

— Hebu soma tena, binti, alisema Jaji.

— "Kila duka linalowasha taa usiku lina mlinzi. Duka la Hobbs lina mlinzi. Je, ni lazima liwe linawasha taa?"

— Lazima! Mlinzi akae gizani, ana wazimu?

— Hobbs yupi? Breki akadakia. Wa samaki? Yule bahili huzima hata friji!

— Ndiyo maana kaweka mlinzi, awe ananusa wakianza kuoza.

— Mlinzi mwenyewe ni shemeji yake, na anaogopa giza. Taa anaiwasha kwa siri.

— Sasa watunga mtihani wamejuaje? Breki, tunapelelezwa!

Marvella hakucheka. Naye alikuwa ameandika "lazima".

— Sote tumekosa, alisema. Wamesema wenye taa wote wana walinzi. Hawakusema wenye walinzi wote wana taa.

— Hata kama namjua Hobbs? Breki akauliza.

— Hata kama unalala dukani kwake, mzee. Unatumia walichosema tu.

Wakati huo mama mmoja, mgeni pale, akatoka ndani alikokuwa akimsubiri mjukuu wake anyolewe.

— Mtihani wa sheria? Mpwa wangu aliufaulu. Yeye na wenzake wote waliofaulu walisoma mpaka macho yakawa mekundu. Wewe umesoma hivyo?

— Nimesoma, mama.

— Basi si utafaulu?

Jaji akaanza kusema "lazima", kisha akamgeukia Marvella. Maneno ya mama ndiyo yale ambayo Marvella alikuwa akijiliwaza nayo kila siku ili apate usingizi.

— Ulichosema, mama, ni kwamba waliofaulu wote walisoma, alisema Marvella, si kwamba waliosoma wote walifaulu.