Gaudensi Msangawale, Aliyemlisha Mkaguzi wa Mkopo

Marehemu Gaudensi Msangawale alizaliwa Kaengesa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mzee Loth Msangawale na mama Mary. Kitabu cha ubatizo kinasema tarehe 16. Mama yake alisema 14, na mama ndiye aliyekuwepo.

Alisoma hapo hapo Kaengesa kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba. Hesabu zilimshinda, dini aliiweza, na siku ya zamu yake ya jikoni hakukosa hata akiwa na homa.

Mwaka 1974 aliajiriwa jikoni kwa mapadri, akapika huko miaka ishirini. Mwaka 1994 alihamia Sumbawanga mjini, akapanga chumba karibu na soko na kufungua mgahawa. Aliuza ugali wa ulezi na migebuka ya Kasanga, na maharage kwa asiye na hela ya samaki. Ugali hakupima kwa sahani. Alimtazama mtu mwili, akakata.

Alifunga ndoa na mimi Bertila, ninayeandika haya, tarehe 12 Septemba 1981. Nilikuwa nimemkataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja akachuchumaa mbele ya baba yangu, akapiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa kwetu. Baba akachelewa kumwitikia makusudi. Gaudensi akapiga makofi mpaka miguu ikafa ganzi, akashindwa kuinuka. Baba akaniambia, "Huyu sasa haondoki. Mpikie." Nikampikia. Akaniambia chumvi imezidi.

Februari 2022 kipindupindu kiliingia mjini. Likatoka tangazo kwamba wauza chakula wote wafunge, na marehemu akafunga siku hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza wa kufungiwa tulikula akiba. Ulipoingia mwezi mwingine mwenye chumba akasema, "Mzee, ikifika mwisho wa Aprili hapa pamefungwa bado, nampa mtu wa kuuza simu." Miaka ishirini na nane ya kazi yake ilikuwa inakwenda kwenye simu.

Ndipo akasikia chama kimoja cha akiba na mikopo kinatoa mkopo wa dharura kwa wafanyabiashara wadogo waliofungiwa na ugonjwa. Mimi nilikataa. Nilimwambia kwetu hatujakopa hata chumvi. Akanijibu, "Mke wangu, chumvi tunayo. Tunachokosa ni mlango." Akaenda kujaza fomu.

Mkaguzi wa chama alikuwa Bi Kulsumu, wa ile familia yenye malori. Alikuja nyumbani kuhakikisha kwamba kweli tumekwama. Sasa kwetu mgeni haulizwi kama ameshiba. Marehemu alimwona tu anavua viatu, akakamata jogoo. Akakumbuka mgeni ni Mwislamu, akamkimbilia jirani yetu Abdillah aje achinje ili mgeni ale kwa moyo mweupe. Bi Kulsumu alinawa kwa sabuni, akala ugali, akala jogoo, akaongezewa mchuzi. Alipofuta mikono akafungua faili lake akaandika. Barua ikaja baada ya siku nne: mwombaji hana dharura.

Nilimwambia marehemu maneno ambayo siyasomi mbele ya padri.

Akaenda kuomba akaguliwe tena, wakakubali. Safari hii niliamuru mimi. Moto usiwashwe. Vyungu na sufuria zote zipelekwe kwa Abdillah. Yeye avae koti la shamba. Akatii, ila alivibeba vyungu mchana kweupe, kimoja kimoja, akisalimia kila mtu njiani. Mtaa mzima ukaona vyombo vya Gaudensi vinatoka. Wakasema basi, ameanza kuuza sufuria, wale watu wanakufa njaa.

Kesho yake, kabla ya mkaguzi kufika, Adela wa nyumba ya pili akaleta kande. Hasna, mke wa Abdillah, akaleta pilau. Meshack, mwenye ng'ombe, akaleta maziwa ndoo nzima. Bi Kulsumu alipofika alihesabu mabakuli tisa, na marehemu katikati yake na koti la shamba.

"Mzee Gaudensi, leo tunamwoza nani?"

Mimi nilimkanyaga mguu anyamaze. Hakunyamaza. "Mwanangu, hiki chakula si changu. Vyungu vyangu viko kwa Abdillah, nilivificha unione maskini. Yule jogoo wa juzi ndiye alikuwa wa mwisho."

"Wa mwisho, na ukanichinjia mimi?"

"Ningemchinjia nani? Wewe ndiye uliyekuja."

Yule mama alicheka mpaka akakaa. Kisha akawageukia majirani waliokuwa wamebaki kutazama. "Sahani mmeleta. Mtamdhamini? Nataka watu watatu."

Sahani ni sahani, saini ni saini. Meshack akakumbuka ana ng'ombe anamsubiri. Abdillah akasema, "Mimi nimeshamchinjia jogoo wa kumkosesha mkopo, acha nitie saini ya kumpatia." Adela akafuata. Meshack alikuwa amefika getini, Adela akamwita, "Ee mwanaume! Ng'ombe wako anajua kusoma saa?" Akarudi.

Ikabaki saini ya mke. Bi Kulsumu alinisogezea wino wa dole gumba. Nikamwambia alete kalamu. Niliandika Bertila, herufi zote, Gaudensi akinishikia karatasi isisogee.

Ulitoka mkopo wa shilingi laki nane. Tulilipa kodi, tukanunua pipa la maji lenye bomba na sahani mpya, kama bwana afya alivyotaka ndipo aturuhusu kufungua. Marehemu alifungua mlango tarehe 28 Aprili, siku mbili kabla ya ile ya mwenye chumba. Mkopo uliisha kulipwa tarehe 30 Novemba 2023.

Mwaka jana mwezi wa kumi alianza kuvimba miguu. Hospitali wakasema ni moyo. Alilazwa mara tatu, na kila mara aliwauliza wauguzi kama wamekula. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa na miaka 68.

Ameacha mjane, watoto wanne, ambao ni Zephania, Kauthar aliyeolewa na mtoto wa Abdillah akapata jina hilo huko, Fabiani na Abel, na wajukuu kumi na mmoja. Ameacha wadhamini watatu, wote wamefika, hata Meshack.

Kwenye msiba huulizwa kama kuna anayemdai marehemu. Hakuna. Karatasi ya chama ninayo, ina muhuri. Kama kuna aliyekula akaondoka bila kulipa, huyo naye asamehewe, marehemu alikwisha kumsahau.

Mwenye chumba aliniuliza jana kwa upole kama nitaurudisha ufunguo. Ninamjibu hapa mbele ya watu: Jumatatu moto unawashwa.

Lala, Gaudensi. Mungu akupokee mgeni wake, asikuulize kama umeshiba.