Redio Hakutaka Mazishi

Benchi letu liko Haslebeck, huku kaskazini mwa Uingereza, mbele ya jengo lililokuwa benki na sasa ni duka la kupaka watu rangi za kucha. Kushoto kuna kanisa linalouza mazulia, kulia kuna baa iliyogeuzwa nyumba za kupanga, na basi linasimama hatua tano kutoka magotini petu. Kila Jumanne saa nne asubuhi tunakutana hapo. Mimi ni Beryl, nimepikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja, na chupa ya chai ni yangu, kwa hiyo mkinisikia natoa amri mjue nina haki. Kuna Clifford, tunayemwita Jaji kwa sababu mwaka 1984 alikaa siku tatu mahakamani kati ya wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, na mpaka leo hajatoka humo. Kuna Neville, yaani Posta, aliyetembeza barua za mji huu mpaka magoti yakakataa. Na alikuwepo Wilfred Haigh, tuliyemwita Redio kwa kuwa alikuwa hasemi kitu. Nafasi yake, mwisho wa benchi upande wa pipa la taka, ilikuwa wazi, na hakuna aliyeisogelea.

Ujumbe wa binti yake ulikuwa umeingia kwenye simu ya Posta wiki tatu nyuma. Posta akausoma tena, Jumanne ya tatu mfululizo, kwa sauti ya mtu anayesoma anwani.

— "Baba amefariki jana hospitalini, kwa amani. Hakutaka mazishi. Asanteni kwa urafiki wenu. Gillian." Halafu kuna moyo mwekundu.

— Hakutaka mazishi, alisema Jaji. Hiyo ni kinyume cha sheria.

— Sheria gani?

— Sheria ya Uingereza, Posta. Ipo.

— Haipo, nikamwambia. Mambo haya yanatangazwa kwenye televisheni kila siku mchana. Wanakuja kukuchukua, wanakuchoma bila mtu kuwepo, kisha jivu linaletwa mlangoni.

— Linaletwa na nani? aliuliza Posta.

— Na gari.

— Kama kifurushi?

— Kama kifurushi.

Posta aliweka kikombe chini.

— Na kama hakuna mtu nyumbani?

Tukamtazama.

— Naulizia utaratibu wa kazi, si kwa ubaya. Wanamwachia jirani?

Koti langu jeusi lilikuwa limepigwa pasi tangu siku ile ya ujumbe. Nilioka keki mbili za zabibu. Ya kwanza tulishaila wenyewe kwa sababu keki haijui kusubiri; ya pili ilikuwa kwenye kikapu changu. Jaji alikuwa ameandika hotuba ya kurasa mbili, ukurasa wa kwanza wote ukihusu kesi ya mwaka 1984. Sasa koti tuvae wapi, keki tumlishe nani, hotuba isomwe mbele ya nani? Nilikuwa na hasira, sikatai, na hasira yote nilimwekea huyo Gillian, ambaye aliolewa kusini na kusini akabaki.

— Mimi nasema hivi, Jaji alianza, na anapoanza hivyo hushika ukosi wa koti. Bila maiti hakuna ushahidi. Nani kati yetu ameiona maiti?

— Hakuna.

— Basi. Yuko Hispania.

— Redio? Redio anachukia jua, nikasema.

— Ndiyo maana. Nani atamtafuta huko?

Posta alitikisa kichwa.

— Wee Jaji, acha zako. Hili ni jambo kubwa kuliko Redio. Hebu hesabuni wenyewe. Walianza na maziwa. Zamani maziwa yaliletwa mlangoni, mtu asipoingiza chupa zake siku mbili, mwuza maziwa anagonga. Wakaondoa maziwa. Wakaondoa barua, siku hizi watu hawaandiki. Wakaondoa benki, wakaondoa baa, kanisa mnaliona lilivyo, lina mazulia. Sasa wamefika kwenye mazishi.

— Nani hao?

— Wao.

— Na baada ya mazishi?

— Harusi.

— Harusi zilishaondoka kitambo, nikamwambia. Mjukuu wangu ana watoto watatu na mchumba.

Posta alifikiri.

— Basi watahamia kwenye kuzaliwa.

Jaji hakufurahi kuona nadharia ya mwenzake inapita yake. Akashika ukosi tena.

— Wale wazee wa kwenye tangazo la kuchomwa, wanaoendesha baiskeli huku wanacheka. Umewahi kukutana na mmoja wao mtaani?

— Hapana.

— Na wewe, Beryl?

— Sijawahi.

— Mnaona sasa? Wanapigwa picha kabla. Ukishacheka mbele ya ile kamera, umesaini.

— Redio hakuwahi kucheka, alisema Posta.

— Walimsubiri.

Nikawamiminia chai ya pili ili midomo ipate kazi nyingine. Bibi mmoja alisimama na toroli lake la ununuzi, akasoma kibao kilichopigiliwa mgongoni mwa benchi, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake. Kibao hicho kiliwekwa na halmashauri tangu majira ya kuchipua. Kimeandikwa: KETI HAPA KAMA HUJALI MTU AKIKUSALIMU. Miaka kumi na tisa tumekaa hapa tukisalimiana bila kibali. Tangu kibao kiwekwe, mgeni aliyetusalimu ni mmoja tu, dada wa halmashauri aliyekuja kuuliza kama kibao kinafanya kazi.

— Yule Gillian angekuwa na adabu, nikasema, angetupa hata nusu saa. Wimbo mmoja, mikate na chai, basi. Mtu hatolewi duniani kama godoro bovu.

— Miaka kumi na tisa, alisema Jaji.

— Nani alikwenda kumwona hospitalini? aliuliza Posta.

Swali hilo alitakiwa aliache lilikokuwa.

— Mimi nilitaka, alisema Jaji. Lakini siku hizi huwezi kumwendea mtu hivi hivi. Lazima umtumie ujumbe kwanza.

— Ulimtumia?

— Nilimtumia kile kidole gumba.

— Akajibu?

— Akajibu kidole gumba.

— Mimi pia, alisema Posta. Mwezi mzima, kila Jumanne, kidole gumba. Nikajua ni mzima.

Wakanitazama. Nilikuwa nimemtumia picha ya keki.

— Isitoshe, alisema Jaji upesi, tusimfanye malaika. Mazishi ya Bi Sukari, yeye mwenyewe alikuwa wapi?

Hapo alikuwa na hoja. Hilda Crowther, Bi Sukari wetu, aliyekuwa akija na sukari yake kwenye kopo la dawa za kikohozi, alifariki Februari ya mwaka jana. Mazishi yalikuwa mbali, mabasi mawili, na barabara zilikuwa barafu tupu. Lakini watu wa ukumbi wa pale walituma kiungo cha mtandao cha kutazamia mazishi kwenye simu, na wote tulihudhuria. Mimi nilihudhuria nikimenya viazi. Posta picha yake iliganda katikati ya wimbo, akabaki na kasisi aliyefumba macho dakika ishirini. Jaji alisahau kuzima sauti, wafiwa wote wakamsikia akimwuliza mbwa kama anataka kutoka.

— Majina ya waliohudhuria yalikuwa yanaonekana pembeni, alisema Jaji. Lako, langu, la Posta. La Redio halikuwepo. Niliangalia.

— Ni kweli, alisema Posta. Hakuja.

— Hakuja, nikasema na mimi, na nikaona hasira imepoa kidogo. Mtu aliyekosa mazishi ya mwenzake hawezi kuwadai wengine mazishi.

Basi lilisimama, likashusha mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti la mvua, mfuko wa kijani wa kitambaa mkononi, ameukumbatia badala ya kuuning'iniza. Akatujia. Akasoma kibao mpaka mwisho.

— Samahani. Hapa ndipo watu wanaposalimiwa?

— Inategemea, alisema Jaji.

— Naweza kukaa?

Akasogea upande wa pipa la taka.

— Si hapo! tulisema wote watatu, hata mimi nikashtuka.

Akasimama.

— Hapo anakaa nani?

— Redio, alisema Posta. Yaani, Wilfred Haigh.

Mwanamke aliinama, akauweka mfuko wa kijani pale pale kwenye nafasi ya Redio, taratibu, akauegemeza usianguke. Kisha akakaa ukingoni kabisa mwa benchi, karibu nami, nusu yake ikiwa hewani.

— Basi tumefika, akasema. Mimi ni Gillian.

Hakuna aliyeutazama mfuko. Tulilitazama kanisa la mazulia.

— Uliletewa mlangoni? aliuliza Posta.

— Ndiyo.

— Ulisaini?

— Nilisaini.

— Vizuri, alisema Posta, na akatikisa kichwa kwa heshima ya kazi.

Mimi hasira yangu nilikuwa nimeitunza wiki tatu, nikaona isiniozee.

— Mwanangu, pole sana kwa msiba. Lakini hata wimbo mmoja? Hata kikombe cha chai? Nina koti jeusi limening'inia mlangoni. Huyu bwana ana hotuba. Tumekaa na baba yako miaka kumi na tisa, halafu tunaambiwa asanteni, na moyo mwekundu!

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

— Nilitaka mazishi mimi, alisema. Nilimwomba. Tuligombana kwa ajili hiyo pale pale kitandani. Yeye ndiye aliyekataa.

— Kwa nini? aliuliza Jaji.

— Kwa sababu ya mazishi ya rafiki yenu wa mwaka jana. Hilda.

— Hakuja huyo, alisema Jaji. Jina lake halikuwepo.

— Halikuwepo wapi?

— Kwenye simu.

Gillian alimtazama kidogo, akajaribu kuelewa.

— Baba hakuwa kwenye simu. Alikwenda. Alipanda mabasi mawili, amefunga tai yake. Alinihadithia mara nyingi, na mnamjua alivyokuwa, mtu wa kuhadithia hakuwa. Alisema ukumbi ulikuwa na viti sitini, na waliokuwemo ni yeye, kasisi, na dada yake Hilda kwenye kiti cha mbele, peke yake. Na juu ukutani kamera ndogo. Alisema yule dada aligeuka nyuma kila mlango ulipopigwa na upepo.

Chai yangu ilikuwa imepoa. Niliishika hivyo hivyo.

— Akaniambia, Gillian, sitaki wewe ukae kwenye kile kiti. Sina mtoto mwingine. Hawatakuja, na si wabaya, siku hizi watu hawaji tu. Nikamwambia, baba, wale wa benchi watakuja. Akasema hapana. Nikamwambia watakuja bwana, miaka kumi na tisa! Akaniangalia tu. Mpaka mwisho tulikuwa tunabishana hilo.

Alikunja mikono mapajani.

— Nimekuja kumpeleka bustani ya pale pale, alipo Hilda. Alisema pana mawaridi, ingawa alipoyaona yalikuwa vijiti, na kwamba mwenzenu yuko huko peke yake. Gari nimeliacha kusini, nimekuja kwa treni, ili nimpeleke kwa mabasi yale yale mawili. Lakini kabla sijamwaga jivu nilitaka kujua nani alikuwa sahihi, mimi au yeye. Mngekuja?

Jaji, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu 1984, aliingiza mkono mfukoni, akagusa zile kurasa zake mbili za hotuba, akautoa mtupu. Posta alikuwa anasoma namba ya basi lisilokuwepo. Nikasubiri mmoja wao aseme, nao wakanisubiri mimi, kwa kuwa chupa ni yangu.

Jibu nililijua. Oktoba, mabasi mawili, na mtu wa pale angetutumia kiungo. Ningemwangalia Redio akiondoka huku namenya viazi, na usiku ningesema nimehudhuria. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na mbele ya yule binti sikuweza kusema ndiyo wala hapana.

Nikatoa kikombe cha bluu kutoka kwenye kikapu. Kikombe cha Redio. Nimekuwa nakileta kila Jumanne bila kufikiri. Chai iliyobaki ilitosha kikombe kimoja. Nikampa Gillian. Akanywa yote, kisha akanirudishia kikombe na akaukumbatia mfuko wake.

— Asanteni. Basi la huko napandia hapa hapa?

— Hapa hapa, alisema Posta. Linapita baada ya dakika nne. Unashuka stendi, unapanda la pili.

Akaenda kusimama kwenye kituo, hatua tano kutoka kwetu, ametugeuzia mgongo. Nafasi ya upande wa pipa la taka ikawa wazi tena.

Jaji alishika ukingo wa benchi na kujiinua. Kwa goti lake bovu, Jaji haendi mbali zaidi ya duka la dawa.

— Unakwenda wapi? nikamwuliza.

— Kituoni.

— Ni mabasi mawili, Jaji, alisema Posta.

— Najua ni mabasi mawili.

Posta akaitoa simu yake mfukoni, akaizima, akasimama naye. Mimi koti langu jeusi lilikuwa nyumbani na nilikuwa nimevaa la rangi ya machungwa. Nikafunga chupa tupu, nikachukua keki, nikawafuata na hilo la machungwa.